Nyumba Njema Si Mlango

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, wanawake wengi wa Dar es Salaam hutoka majumbani mwao wakiwa na mtoto mgongoni na mkoba begani. Huko Mbagala, Tandika, Manzese na Buguruni mama hawa hawaendi moja kwa moja kwenye kituo cha basi. Kwanza hupita katika nyumba ya mwanamke mwingine, hubisha hodi, humkabidhi mtoto pamoja na kikombe chake na nguo za kubadili, kisha huondoka mbio asije akachelewa kazini. Hurudi jioni, pengine usiku. Yale yaliyotendeka katika saa zile kumi au kumi na mbili, aghalabu hayajui. Leo twataka kusema neno juu ya nyumba hiyo na juu ya saa hizo.

Pengine wako watakaotuuliza: Je, gazeti la wafanyakazi lina haja gani na habari za uji na nepi? Jibu letu ni fupi. Hakuna kiwanda kinachowasha mitambo yake asubuhi, wala hospitali inayofungua milango yake, wala soko linalopanga mboga zake, isipokuwa mahali fulani yupo mtu aliyeshika mtoto wa mtu mwingine. Kazi ya mlezi haionekani katika hesabu za mishahara ya nchi, lakini ikisimama kwa siku moja tu, kazi nyingine zote zitayumba. Jambo hili si la wanawake peke yao. Ni jambo la kila mfanyakazi.

Tutazame kwanza mahali shida inapoanzia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Kila ajuaye hesabu ataona pengo lililopo baina ya majuma 12 na miezi 6. Tena hao wenye likizo ni wenye bahati. Mama lishe, muuza samaki wa Feri, kibarua wa ujenzi na mchuuzi wa Kariakoo hawana mwajiri wa kuwapa siku hata moja. Wasipotoka, hakuna chakula. Hapo zamani pengo hili lilizibwa na bibi au shangazi. Siku hizi bibi yuko Songea au Kigoma, na shangazi naye anatafuta riziki yake mjini. Kwa hiyo mama hana budi kumtafuta mlezi, na katika kumtafuta huko ndimo makosa mengi yanamofanyika.

Tulizungumza majuzi na mama mmoja wa Mbagala, mfanyakazi wa kiwanda. Likizo yake ilipokuwa ikiisha, alizunguka kwa siku mbili akitafuta mahali pa kumwacha mwanawe wa miezi mitatu. Nyumba ya kwanza ilikuwa na sebule ya kupendeza: vigae sakafuni, makochi, televisheni kubwa ukutani. Mwenye nyumba alimpokea kwa maneno matamu, akamwambia kwamba watoto huletwa hadi barazani na huchukuliwa hapo hapo barazani. Ndani hapaingiwi, kwani watoto husumbuka wakiona wageni. Nyumba ya pili ilikuwa na moshi na kelele, wala hakukaa. Nyumba ya tatu ilikuwa ya bati lililochakaa na saruji iliyopasuka. Mwanamke wa makamo, mwenye khanga iliyopauka, alimwambia, "Karibu ndani, mwanangu, uone." Akamwonyesha kizuizi cha mbao alichokigongomea mlangoni mwa jiko. Akamwonyesha ndoo za maji zilizofunikwa na kuwekwa juu ya meza. Kisha akamwuliza maswali mengi: mtoto ananyonya mara ngapi, amepata chanjo zipi, kadi yake ya kliniki iko wapi, nani mwingine anaruhusiwa kuja kumchukua. Mwisho akamwambia, "Lakini siwezi kumpokea sasa. Ninao wachanga wawili, na mikono yangu ni miwili. Rudi mwisho wa mwezi, mmoja atakuwa ameondoka."

Mama yule alitueleza kwamba aliondoka pale amekasirika. Aliona kwamba amehojiwa kama mwizi, kisha akakataliwa na mtu asiye na hata kochi. Akampeleka mwanawe kwenye nyumba ya vigae. Majuma mawili ya kwanza alifurahi, kwa sababu mtoto alikuwa kimya kila jioni. Juma la tatu furaha ikageuka wasiwasi, maana ukimya ule ulizidi. Mtoto alinyonya huku amelala, na usiku hakuwa na nguvu za kulia. Siku moja mama alipata ruhusa kazini akarudi saa nne ya asubuhi bila kutoa habari. Alibisha hodi kwa muda mrefu. Alipofunguliwa alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akakuta watoto kumi na moja wamelazwa juu ya mkeka mmoja, wote usingizini, na dirishani chupa ya dawa ya mafua ile inayoleta usingizi. Kumi na moja, na mlezi mmoja. Alimbeba mwanawe akaondoka. Alikaa nyumbani majuma mawili bila mshahara mpaka nafasi ilipopatikana kwa yule mama wa bati lililochakaa. Mtoto yuko huko hata leo, naye analia kama watoto wote, na mama yake anashukuru kusikia kilio hicho.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Walitaka tuingie ndani ndipo tutoe hukumu. Nasi tunauliza: Ni mambo gani yanayowafukuza wazazi katika nyumba ya mlezi, na je, ndiyo yanayostahili kuwafukuza?

Tukiyapima mambo hayo kwa haki, twaona yako ya namna tatu. Ya kwanza ni yale yanayowafukuza wazazi bila sababu ya maana. Mzazi huona sakafu isiyo na vigae, akageuka. Huona hakuna televisheni, akageuka. Humsikia mlezi hajui neno la Kiingereza, akageuka, kana kwamba mtoto wa miezi mitatu anatafuta cheti. Wengine hutazama kabila la mlezi au dini yake, jambo ambalo ni aibu kulitamka katika nchi yetu. Mtoto mchanga hahitaji hata kimoja katika hivyo. Anahitaji mikono isafishwayo kwa sabuni, maziwa au uji uliohifadhiwa vizuri, mahali pa kulala chali pasipo na mito ya kumziba pumzi, na mtu mzima anayemtazama usoni na kumsemesha. Mambo hayo hupatikana chini ya bati, na yanaweza kukosekana juu ya vigae.

Namna ya pili ni yale yanayostahili kumfukuza mzazi yeyote, wala asione haya kuondoka. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba walimolala watoto, ondoka. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu aliyelala bila yeye kushtuka. Ndoo ya maji ikiachwa wazi sakafuni, ondoka. Mtoto anayetambaa huweza kufa maji katika kina kisichofika shubiri moja. Mafuta ya taa yakiwekwa katika chupa ya soda, ondoka. Ukikuta watoto wote wa umri mbalimbali wamelala kwa pamoja saa nne ya asubuhi, uliza, na jibu lisipokuridhisha, ondoka. Ukiambiwa kwamba mlezi ametoka kidogo na watoto wameachiwa binti wa miaka kumi, ondoka, na umwulize mwenye mtaa kwa nini binti huyo hayuko shuleni. Ukiona wanaume wa nyumba hiyo wanaingia na kutoka katika chumba cha watoto, na hakuna anayekueleza ni akina nani, ondoka. Na ukiambiwa kwamba ndani hapaingiwi, basi hata kama yote mengine ni mazuri, ondoka, kwa kuwa hayo mengine hutayajua kamwe.

Namna ya tatu ndiyo inayotusikitisha zaidi. Ni yale yanayowafukuza wazazi ilhali yangepasa kuwavuta. Mlezi anayekataa mtoto kwa sababu nafasi zimejaa, wazazi humwita mwenye maringo. Anayetaka kuona kadi ya kliniki, humwona mdadisi. Anayemrudisha mtoto mwenye homa na kuhara ili asiwaambukize wenzake, husemwa kwamba hana huruma. Anayedai ada yake siku ya ahadi, husemwa kwamba anapenda fedha. Anayekataa kumkabidhi mtoto kwa mjomba asiyemfahamu, hutukanwa na ukoo mzima. Lakini tufikiri kidogo. Mlezi aliyekataa mtoto wa kumi ndiye aliyewalinda wale tisa. Mlezi aliyemnyima mjomba mtoto leo ndiye atakayemnyima mwizi kesho. Anayeuliza maswali mengi anaonyesha kwamba anayo nia ya kuyafanyia kazi majibu. Mpokeaji asiyeuliza neno, asiyekataa mtu, asiye na sharti lolote, huyo anapokea mizigo; halei watoto.

Katika jambo hili la idadi, si vibaya kutazama wenzetu wamefika wapi. Huko Uingereza walezi wa majumbani wamewekewa sharti la kuandikishwa tangu sheria ya mwaka 1948, na kanuni zinazotumika England siku hizi husema kwamba mlezi aliye peke yake asizidishe watoto 6 walio chini ya umri wa miaka 8; kati ya hao, wadogo wa chini ya miaka 5 wasizidi 3, na kwa kawaida mchanga wa chini ya mwaka mmoja awe 1 tu. Hatusemi kwamba Tandika igeuzwe kuwa London. Ada wanazoweza kulipa wafanyakazi wetu hazimtoshi mlezi mwenye watoto watatu kununua hata mkaa. Tunachosema ni kwamba idadi si jambo la kubahatisha. Mikono ni miwili kila mahali duniani, na nyumba ikiungua, hakuna mwanamke awezaye kubeba watoto kumi na mmoja.

Sasa tuwageukie walezi wenyewe, tuwaulize kwa upole: Kwa nini wengi wenu mnafunga milango? Tumewasikiliza, na jibu lao si la uovu. Wengi wanaogopa. Wanaogopa kwamba akija ofisa atawaambia hawana kibali, atawatoza faini, au atawafungia nyumba yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto mchana na kuvitaka viwe na kibali. Lakini mjane mwenye chumba kimoja na watoto sita wa majirani hajioni kuwa ni kituo. Anajiona ni jirani anayesaidia. Akisikia habari za kibali, ramani na vyoo vya idadi fulani, huona ni mambo ya matajiri. Basi hujificha. Na mlezi aliyejificha hapati mafunzo, hapati ushauri wa muuguzi, wala hapati mtu wa kumwambia kwamba dawa ile ya mafua si ya kumlaza mtoto. Hivyo hofu ya faini, ambayo ilikusudiwa kumlinda mtoto, humfungia mtoto gizani.

Kwa hiyo twaona kwamba mlango hautafunguliwa kwa vitisho. Utafunguliwa pale mlezi atakapojua kwamba kuonekana kuna faida kwake. Nchi yetu inao mfano mzuri wa jambo hili. Kuanzia mwaka 1983, katika Mkoa wa Iringa, ulifanyika mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito vijijini mbele ya wazazi wote, na kamati za vijiji zilikaa kuyajadili matokeo: nani amepungua, kwa sababu gani, na nini kifanyike. Mpango huo haukuwa wa kumpeleka mama mahakamani kwa sababu mwanawe ni mwembamba. Jambo lilitolewa nje, likatazamwa na wote, likatafutiwa dawa, na utapiamlo mkali ukapungua sana. Yaliyowezekana kwa mizani yatawezekana kwa mlango wa mlezi.

Jirani zetu wa Kenya nao wamepiga hatua. Mwaka 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipata sheria yake ya vituo vya kulelea watoto. Na tangu mwaka 2014 jumuiya iitwayo Kidogo imekuwa ikifanya kazi katika mitaa ya watu wa kipato cha chini huko huko Nairobi: inawachukua wanawake ambao tayari wanalea watoto majumbani mwao, inawafundisha, inawatembelea, na kuwasaidia waendeshe kazi yao kama biashara halali. Haikuanza kwa kuwafungia. Inawakuta pale walipo. Hapa kwetu, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imetamka wazi kwamba malezi na usalama wa mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8 ni kazi ya taifa zima. Maneno hayo ni mazuri. Yanalotaka sasa ni kufika mpaka kwenye chumba kile cha nyuma cha nyumba ya vigae.

Basi twapendekeza mambo machache, wala si makubwa.

Kwanza, kila serikali ya mtaa iwe na daftari la nyumba zote zinazopokea watoto wa watu, ziwe na kibali au zisiwe nacho. Kumwandika mlezi kusigharimu hata senti moja. Ofisa ustawi wa jamii, akifuatana na muuguzi wa zahanati, azitembelee nyumba hizo. Na ziara ya kwanza iwe ya kufundisha, si ya kuadhibu. Adhabu ibakie kwa yule aliyeelezwa akakaidi, na kwa yule anayewadhuru watoto, ambaye hastahili kungojewa hata saa moja. Majina ya nyumba zilizotembelewa na kuonekana salama yabandikwe katika ubao wa ofisi ya mtaa, mzazi ayasome.

Pili, waajiri wakumbuke kwamba sheria ile ile ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anyonyeshaye nafasi ya kumnyonyesha mwanawe saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Haki hiyo ni maandishi matupu ikiwa mtoto yuko Mbagala na mama yuko Ubungo. Viwanda vinavyokaa pamoja vinaweza kushirikiana kuwasaidia walezi wa mitaa ya karibu, ili mama aweze kwenda kwa miguu na kurudi. Vyama vya wafanyakazi vilidai mishahara na saa za kazi, na vilifanya vyema. Sasa viliweke na jambo hili mezani.

Tatu, walezi waungane mtaa kwa mtaa. Watano wakikubaliana ada moja, idadi moja ya watoto na kanuni moja ya mtoto mgonjwa, hakuna mzazi atakayemtoa mwanawe kwa mmoja wao kwa sababu ya ukali wa masharti, maana masharti atayakuta kote. Na mmoja akiugua, wenzake watagawana watoto wake badala ya kumwachia binti wa jirani.

Nne, na hili twajiambia sisi wazazi: tulipe kwa wakati. Hatuwezi kumkopa mlezi mwezi mzima, kisha tukastaajabu kwamba uji umekuwa maji. Tufike kumchukua mtoto saa tuliyoahidi. Tuseme kweli juu ya afya yake. Nasi kina baba tusidhani kwamba kumtafuta mlezi ni kazi ya mama peke yake. Sheria inampa baba siku 3 za likizo mtoto anapozaliwa. Lakini haikumkataza kwenda na mkewe kutazama nyumba atakayoachwa mwanawe, wala haikumkataza kubisha hodi siku moja saa nne ya asubuhi. Kuuliza si ujinga, na kuchungulia mahali alipo mwanao si ubaya.

Tunajua kwamba watakuwako watakaosema kwamba mtaa una shughuli nyingi na fedha ni kidogo. Twawajibu kwamba daftari ni karatasi, ubao ni mbao, na ziara ni miguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tutaujenga kwa gharama ya watoto.

Ewe mzazi ambaye kesho utatoka kumtafuta mlezi, usitazame vigae. Ukikaribishwa ndani, ingia hadi jikoni, hesabu vichwa, tazama ndoo. Ukiulizwa maswali, yajibu bila hasira. Na ukiambiwa, "Siwezi kumpokea, mikono yangu ni miwili," usiondoke umekasirika. Uliza ni lini itapatikana nafasi, kisha omba jina lako liandikwe.